Tunazisifu Filamu Kongwe kwa Jambo Silo

Wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti wa klabu aliponipigia simu kunialika nifungue msimu huu wa filamu za zamani, aliniuliza swali moja: hizi filamu ambazo dunia nzima inasema ni bora, ni bora kweli, au tuliambiwa tu, nasi tukaitikia? Nimekaa na swali hilo wiki tatu. Leo nitalijibu kadiri ninavyoamini.

Nianze na baba yangu mdogo.

Miaka ya sabini baba mdogo alifanya kazi ya sinema hapa Dar es Salaam. Enzi hizo mji huu ulikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox, Empress, na ile ya kuangalia ukiwa ndani ya gari lako. Filamu ikiingia ilikuwa nakala moja, na mara nyingi nakala hiyo moja ilitakiwa na kumbi mbili usiku uleule. Basi ukumbi mmoja ulianza mapema, wa pili ukasubiri. Mkanda wa kwanza ukiisha, kijana anautia kwenye kopo lake, anaufunga nyuma ya baiskeli, anakanyaga hadi ukumbi wa pili, anakabidhi, anarudi mbio kuchukua unaofuata. Mvua ikinyesha, au tairi likipata pancha, kuna mamia ya watu wamekaa gizani wanapiga miluzi. Kijana huyo ndiye baba mdogo.

Kwa hiyo alihudhuria filamu nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na hakuiona hata moja nzima. Aliziona vipande, katika zile dakika za kusubiri mkanda umalizike. Likizo akipanda treni kuja kwetu Kigoma, sisi watoto tulimzunguka jioni, naye alitusimulia vile vipande. Sifa za filamu kubwa nilizisikia kwake miaka mingi kabla sijaziona kwa macho yangu.

Chukueni Sholay. Kila aliyeiona atakusimulia Gabbar Singh. Atamwigiza sauti, atacheka kile kicheko chake, atatembea kama anavyotembea juu ya yale majabali na mkanda wa risasi mkononi. Amjad Khan alikuwa mgeni kabisa kwa watazamaji, na kwa filamu ile moja akawa adui anayejulikana kuliko wote katika sinema ya Kihindi. Huko India waliuza hata santuri za maneno matupu ya filamu, bila nyimbo, na watu wakazinunua ili wamsikilize nyumbani.

Baba mdogo hakutusimulia Gabbar. Alitusimulia mwanamke anayezima taa. Alisema: kuna nyumba kubwa ya bwana mmoja, na ghorofani kuna mjane kijana, nguo nyeupe, hasemi. Kila jioni anapita barazani anazima taa, moja, nyingine, nyingine. Na chini ng'ambo kuna kijana mhuni wa kukodiwa, amekaa kwenye ngazi, anapuliza kinanda kidogo cha mdomo. Wanatazamana. Taa ya mwisho inazimika. Basi, alisema, hapo ndipo mkanda wangu ulikuwa unaishia, nikaondoka.

Nilipoiona Sholay nzima, nikiwa mtu mzima, niliingia nikiwa na vitu viwili kichwani: Gabbar wa watu wote, na taa za baba mdogo. Nawaambia ukweli. Gabbar ni mzuri, lakini nilikuwa nimeshaigiziwa mara nyingi mno. Nilipomwona mwenyewe alikuwa kama anajiigiza. Zile taa zilinikamata moyo. Jaya Bhaduri, yule mjane, na Amitabh Bachchan, yule kijana wa kinanda anayeitwa Jai, karibu hawasemezani kabisa katika filamu yenye zaidi ya saa tatu za bunduki, farasi na matani. Mpiga picha, Dwarka Divecha, aliutaka mwanga ule wa jua likishatua na giza bado halijaingia, mwanga wa dakika chache tu, kwa hiyo walirudi palepale jioni baada ya jioni kupiga kipande kidogo kidogo. Kazi hiyo inaonekana. Na kisha Jai anakufa.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna sheria moja isiyovunjwa: stelingi hafi. Sholay iliivunja. Ilipotoka Agosti 1975 siku za kwanza zilikwenda vibaya, magazeti yakaiita hasara, na wenyewe wakaketi kujadili kama wapige picha upya mwisho wake ili Jai aishi. Wakaamua wasubiri kidogo. Baada ya hapo ilikaa kwenye ukumbi wa Minerva, Mumbai, miaka mitano. Mimi naamini isingefika huko kama Jai angeamka. Kwa sababu yule mjane, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameruhusiwa kutumaini, anarudi kulifunga dirisha lake. Hicho ndicho watu walichorudi kukiangalia mara ya pili na ya tano, hata kama mdomoni walibeba maneno ya Gabbar.

Ndilo jambo nililokuja kulisema jioni hii. Filamu kongwe nyingi zinastahili jina zilizo nalo, ila jina lenyewe limebandikwa pasipo. Tunaambiwa kaione kwa sababu ya kitu fulani. Tunakwenda kukitafuta, tunakikuta kimechakaa kwa kuigwa, tunatoka tukisema tumedanganywa. Na kile kilichoibeba filamu miaka yote hiyo kimepita mbele ya macho yetu hatukukisalimu.

Tazameni Citizen Kane ya Orson Welles, ya mwaka 1941. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi filamu ipi ni bora kuliko zote, na kuanzia 1962 mpaka 2002 jibu lilikuwa hiyohiyo. Hebu fikirini mtoto wa miaka ishirini anafungua simu yake kuangalia filamu bora kuliko zote duniani. Filamu gani itaubeba mzigo huo? Ameambiwa kwamba Welles alikuwa na miaka ishirini na mitano. Ameambiwa kwamba mpiga picha, Gregg Toland, aliweza kuonyesha kitu cha karibu na cha mbali vyote vikiwa wazi kwa pamoja. Ameambiwa kuna fumbo, neno moja ambalo tajiri Kane anakata roho akilitamka, na pengine ameshaambiwa na jibu lake. Basi anaangalia. Kamera zinazoona karibu na mbali anazo mfukoni. Fumbo analijua. Baada ya nusu saa anafunga.

Simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliimaliza kwa heshima tu, kama mtu anavyomaliza chakula cha ugenini.

Mara ya pili nilikuwa nimeshazika wazazi wote wawili, na niliona filamu nyingine. Kuna mzee Bernstein, meneja wa Kane wa zamani, anahojiwa na mwandishi wa habari. Anasema siku moja mwaka 1896 alikuwa kwenye kivuko, kikawa kinapishana na kivuko kingine, na ndani yake akamwona msichana amevaa nguo nyeupe, na mwavuli mweupe. Alimwona kwa nukta moja. Yeye msichana hakumwona kabisa. Na haujapita mwezi, anasema, bila kumkumbuka. Ni maneno machache, yanasemwa na mzee ameketi mezani kwake, kamera haifanyi ufundi wowote. Filamu nzima ipo pale. Mtu ana magazeti, ana kasri, ana kila sanamu inayouzwa Ulaya, na kinachomkaa rohoni ni kitu kilichopita kwa nukta moja.

Hata ule ufundi wa Toland, ukiuangalia hivyo, unapata maana. Mama yake Kane anatia saini karatasi za kumtoa mwanawe akalelewe na benki. Mama yuko karibu nasi, mezani. Nyuma kabisa, dirishani, mtoto anacheza kwenye theluji, anapiga kelele za furaha, hajui. Vyote viwili viko wazi kwa pamoja kwa sababu vinatokea kwa pamoja. Walimu wengi hufundisha lenzi wakamsahau mtoto.

Mwaka 2012 Vertigo ya Hitchcock iliishusha Kane, na mwaka 2022 ikapanda Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kufika juu pale. Ni saa tatu na dakika ishirini na moja za mama mjane wa Brussels anayemenya viazi, anatandika kitanda, anaosha vyombo. Watu wanaisifu kwa uvumilivu wake, kana kwamba kuvumilia ni sifa ya filamu. Siku ya pili viazi vinarojeka kwa kuachwa motoni mno. Ukishaishi naye ile siku ya kwanza, viazi kurojeka kunatisha kuliko bastola. Mama zetu hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa msifikiri nimekuja kutetea kila kitu. Kuna filamu ambazo zina deni, na deni lazima lisemwe, hasa na sisi.

Nilikulia Kigoma, na kila mtoto wa Kigoma anaijua meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Wakaifumua, wakaipakia kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa bahari hadi hapa Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati, na ikaunganishwa upya Kigoma, ikashushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakaipaka mitambo yake grisi, wakiwa na nia ya kuirudia. Walioiibua ni Waingereza, mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Bibi yangu aliipanda, mama yangu aliipanda, mimi niliipanda.

Meli hiyo ndiyo ambayo wengi huitaja kuwa nyuma ya hadithi ya The African Queen, riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyofanywa filamu na John Huston mwaka 1951. Hadithi inafanyika hapa, Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914, ingawa picha zilipigwa Kongo na Uganda. Humphrey Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hii. Katharine Hepburn ni dada wa mmisionari. Inahesabiwa miongoni mwa filamu za safari bora kuliko zote.

Nimeiona mara nne. Sifa ya safari, mimi siiafiki sana. Yale maporomoko ya maji unaona kabisa wapi ni mto na wapi ni studio. Lakini lipo jambo halisifiwi vya kutosha. Mashua imekwama kwenye matete. Bogart anashuka majini kuivuta kwa kamba, anapanda akiwa amejaa ruba mwilini, anatetemeka mwili mzima kwa kinyaa, Hepburn anamsaidia kuzitoa. Wanakaa kimya. Kisha anayatazama maji, anatambua hakuna njia nyingine, na anashuka tena. Hakuna muziki wa kumsukuma, hakuna hotuba. Ni mtu wa makamo, mlevi, mwoga, anarudi majini kwa sababu ya mwanamke aliye juu ya mashua. Hapo filamu ni kubwa, na nitamwambia hivyo mtu yeyote.

Na watu wetu wako wapi? Mwanzoni wako kanisani, wamepangwa wanaimba wimbo wasioujua, picha imekusudiwa tucheke. Kisha kijiji kinachomwa moto na wenyeji wanaswagwa kama mbuzi. Baada ya hapo tunawaona kwa mbali tu, askari wa ngomeni wakifyatua bunduki. Filamu inaendelea na mapenzi yake.

Jamani, tuko Dar es Salaam. Kutoka hapa mpaka Kariakoo ni mwendo mfupi. Jina hilo Kariakoo ndilo lile la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyohivyo, waliopiga kambi pale. Watu waliobeba risasi na unga vichwani kutoka pwani hadi maziwa, maelfu kwa maelfu, wakafa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa, wengi bila kaburi. Hiyo ndiyo vita ya 1914 katika nchi hii. Filamu inayosifiwa duniani kote kwa kuielezea vita hiyo kwenye mito yetu haina mpagazi hata mmoja mwenye maneno yake. Na wenyewe waliotengeneza filamu, huko Kongo na Uganda, hawakukosa wenyeji wa kuwabebea mizigo yao.

Kwa hiyo nikiulizwa kama The African Queen inafikia jina lake, nasema: kwenye matete inalipita, kijijini haifiki hata nusu. Sitaki kulipunguza moja ili nilitetee jingine. Na sitaki ninyi vijana mnaosomea kazi hii mwache kuiona. Ioneni mkiwa na kalamu. Pale ambapo kamera imewapita watu wetu, andikeni: hapa pana filamu. Haijapigwa bado. Yule fundi aliyepiga ribiti za Götzen pale Kigoma, yule aliyeshusha masanduku kutoka kwenye behewa, nani ameshamwonyesha?

Deni kama hilo lipo hata katika zile tunazozipenda kama ndugu. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, pwani yote hii iliimbwa. Hoja yake kwamba mtoto wa mwizi si lazima awe mwizi bado inachoma. Lakini kuna mahali Raj anampiga makofi mpenzi wake, Rita, kwa sababu amemwita mshenzi, na Rita anaanguka miguuni pake, na filamu inataka tuone ni mapenzi. Nilipoiangalia na binti yangu aliniomba niisimamishe. Niliisimamisha. Tulizungumza mpaka saa sita usiku, na tukaimalizia siku ya pili.

Nimalizie na filamu tutakayoiona leo, kisha nikae nanyi.

Mwaka 1952, Sight and Sound walipouliza kwa mara ya kwanza, iliyoshika nafasi ya juu haikuwa Kane. Ilikuwa filamu ya Kiitalia ya miaka minne tu nyuma, Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica. Mtu hana kazi, anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, sharti awe na baiskeli. Yake ameiweka rehani. Mkewe anatandua mashuka ya vitandani anakwenda kuyaweka rehani mashuka ili waikomboe baiskeli. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Yaliyobaki ni yeye na mwanawe mdogo wanaizunguka Rumi wakiitafuta.

Mtaambiwa muione kwa sababu imepigwa mitaani, na kwa sababu wahusika wake hawakuwa waigizaji. Aliyekuwa baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Ni kweli. Lakini siku hizi kila mwenye simu anapiga picha mitaani na watu wasio waigizaji, kwa hiyo mkiingia na sifa hiyo mtatoka mikono mitupu. Mimi nawaomba mwangalie karani wa rehani anapokwenda kuyaweka mashuka ya yule mama. Anapanda rafu, anapanda, anapanda, na rafu hazifiki mwisho, zote zimejaa mashuka ya watu wengine. De Sica hasemi neno.

Mwaka juzi niliiangalia na baba mdogo. Amezeeka, macho yamepungua, ilibidi nimsomee maandishi ya chini. Niliiweka kwenye ukuta mweupe sebuleni ili picha iwe kubwa. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye filamu tangu mwanzo hadi mwisho bila mtu kumwita aje achukue kopo. Sikumwambia ni filamu maarufu. Nilimwambia tu ni ya mtu wa baiskeli.

Baiskeli ilipoibwa alisema, "Aa, kazi imekwisha," kwa sauti ndogo, na nikatambua kwamba katika chumba kile ni yeye peke yake aliyejua jambo hilo lina uzito gani. Pale mwishoni baba yule alipoitupia macho baiskeli iliyoegeshwa mlangoni, baba mdogo alinishika mkono akasema, "Asifanye. Mwambie asifanye, mtoto yuko pale."

Ilipokwisha niliwasha taa. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya filamu hiyo, vitabu na makala za wataalamu, na nilikuwa tayari kumweleza. Akaniuliza kwanza yeye. Aliuliza, "Sasa kesho yake asubuhi alikwendaje kazini?"

Katika yote niliyosoma hakuna aliyeuliza hivyo. Tulikaa tukahesabu: mashuka yamekwisha, baiskeli haipo, ndoo ya gundi bado iko kwa mwajiri, mtoto anafanya kazi kwenye kituo cha petroli, mshahara wake hautoshi. Tukahesabu tena. Chai ikapoa, na hatukumpatia njia.